Jinsi ya kumpendekeza mhadhiri wako apate tuzo ya ufundishaji (na barua yako isiishie kwenye droo)

Zikikaribia zile wiki za tuzo maswali yanakuwa yale yale, naandikaje, lazima niwe na GPA kubwa, akijua ni mimi itakuwaje, naweza kumpendekeza supavaiza wangu wakati hajasaini ripoti yangu. Nimeyajibu kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, mwingine akiuliza mtumie hii.

Nazungumzia zaidi vyuo vya Tanzania maana ndio ninavyovijua. Kenya na Uganda mambo hayako mbali sana, na kama unasoma nje kuna kipande chako huko chini.

Kabla ya yote elewa hiki kitu: kamati haipimi unavyompenda mwalimu wako. Kamati ni watu wachache waliochoka, wana rundo la mafaili, na wengi wao hawajawahi kukaa kwenye darasa lake hata siku moja. Wanatafuta alifanya nini, na wanafunzi walibadilika vipi. Sasa barua nyingi zinasema alivyo, mpole, mcheshi, anajali, baba wa wote, hazisemi alichofanya, na hizo ndizo zinazopita mikononi mwa kamati bila kuacha alama.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tangazo lenyewe la tuzo, sio skrinshoti iliyokatwa mwisho. Tarehe ya mwisho na vigezo huwa viko kule chini kulikokatwa.
- Fomu kama ipo. Kama haipo ni barua ya kawaida, ukurasa mmoja na nusu unatosha.
- Jina lake kamili na cheo sahihi. Mhadhiri Msaidizi ambaye bado anasoma PhD ukimuandika "Dkt." unamuweka pabaya, na Profesa Mshiriki sio sawa na Profesa. Angalia kwenye tovuti ya chuo au kwenye mlango wa ofisi yake.
- Kodi (zile namba za utambulisho) za kozi alizofundisha na mwaka gani wa masomo.
- Wenzako wawili watatu ambao sio marafiki zako wa chumba kimoja.
- Kama wiki mbili za kufanya kazi. Barua ya usiku mmoja inajulikana tu.

Hatua ya 1: Jua tuzo inatafuta nini

Kwenye chuo kimoja kunaweza kuwa na tuzo tatu tofauti na watu wanazichanganya. Kuna ile ya mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, ambayo inaanzia idarani na ni ya wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, mwanafunzi hapo huna sauti kubwa (na tuseme ukweli, kuna sehemu inaenda kwa zamu). Kuna tuzo za chuo au kitivo, nyingi zinaangalia machapisho na miradi ya utafiti. Halafu kuna zile za ufundishaji na ulezi wa wanafunzi, zinaweza kuwa za chuo au za serikali ya wanafunzi, na hapa ndipo barua yako ina uzito. Ukipeleka sifa za darasani kwenye tuzo ya utafiti umepoteza muda wako na wake.

Soma vigezo mara mbili. Kama kimoja kinasema "ubunifu katika ufundishaji" basi kwenye barua lazima kuwe na aya inayojibu hicho, kwa maneno yanayofanana na ya kwao.

Hatua ya 2: Chagua mtu sahihi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea kwahiyo nitakaa kidogo.

Mhadhiri anayefurahisha sio lazima awe mhadhiri anayefundisha. Yupo yule anayechekesha ukumbi mzima, mnatoka mnacheka, ukifika hosteli ukifungua daftari hakuna kitu. Yupo anayegawa A kama pipi, huyo kila mtu anampenda, na kamati inamjua pia maana matokeo wanayaona. Halafu kuna yule mkali, sapu zake (mitihani ya kurudia) zinajulikana kampasi nzima, ila waliopita kwake wakifika mwaka wa tatu ndio wanaowafundisha wenzao. Huyu wa tatu mara nyingi hapendekezwi na mtu, na mara nyingi ndiye anayestahili.

Jiulize maswali haya kuhusu yeye kama mwalimu:

- Anakuja? Najua ni swali la ajabu, ila nyie mnajua kwanini nauliza.
- Test anarudisha zikiwa zimesahihishwa, na maelezo pembeni, kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa semista)? Au koswaki (alama za kazi za semista) mnaiona tu kwenye mfumo bila kujua ulikosea wapi?
- Anabadilisha maswali kila mwaka au madesa (notsi na maswali ya zamani) ya 2017 bado yanafanya kazi?
- Mtu akiuliza swali la kijinga anajibiwaje?

Na haya kuhusu ulezi, maana kulea mwanafunzi ni kazi nyingine kabisa inayofanyika nje ya ukumbi:

- Rasimu ya utafiti ikienda kwake inarudi lini, na inarudi na nini? Kuna supavaiza anayeandika "OK, continue" kwenye kurasa arobaini. Kuna anayekurudishia imejaa wino, unakasirika siku mbili, halafu unakuja kugundua hakuna aliyewahi kusoma kazi yako kwa makini namna ile.
- Alikuja kukuona fildi kweli, au alisaini logibuku mkikutana stendi?
- Aliandika barua ya rekomendesheni mwenyewe au alikwambia andika wewe nije nisaini?
- Data zako zilipotumika kwenye chapisho, jina lako lilikuwepo?
- Waliomaliza bado wanampigia simu wakitaka ushauri? Hii kwangu ndio kipimo kikubwa kuliko vyote.

Pia angalia alikuwa anafundisha watu wangapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza 1961 kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria, mwalimu angeweza kuwajua kwa majina, kwao, na matatizo yao. Leo kozi za wote kama DS (Development Studies) ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi na wengine wanasikilizia dirishani. Mtu anayewafundisha mamia na bado akagundua kwamba fulani hajaonekana wiki tatu, huyo kafanya kitu kikubwa kuliko anayewajua wanafunzi wake wanane wa masters. Liandike hilo kwenye barua, kamati haitalijua yenyewe.

Na usiwasahau wakufunzi wasaidizi, wale vijana wanaoendesha semina. Wengi mlielewa somo kwao, halafu shukrani zote zikaenda kwa Prof. Kama tuzo inawaruhusu wapendekeze.

Kitu kimoja zaidi nakuomba ujikague nacho. Mhadhiri mwanaume akiwa mkali tunasema "yuko siriasi", mwanamke akifanya vile vile tunasema "ana roho mbaya". Tafiti za nchi za wenzetu zimeonesha wanafunzi wanawapa wahadhiri wanawake alama za chini kwenye tathmini hata kazi ikiwa sawa, na sidhani sisi tumesalimika. Pitia orodha yako ya majina tena ukiwa na hilo kichwani.

Hatua ya 3: Ulizia kimya kimya

Usiruke hii. Mtu anaweza kuwa moto darasani na ofisini kwake kukawa na habari nyingine. Ongea na wasichana wa mwaka uliopita, ongea na waliofanya utafiti chini yake, sikiliza hata wanaponyamaza. Kumuomba mwanafunzi ngono ili afaulu sio "udhaifu wa kibinadamu", ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ukikutana na habari kama hiyo acha pendekezo kabisa, na usimsukume aliyekwambia aende kushtaki kabla hajawa tayari, mpe tu namba ya TAKUKURU, 113, kupiga ni bure, na mwambie kwamba chuo pia kinapaswa kuwa na dawati la jinsia.

Na kama ni tetesi za upande mmoja? Ulizia kwa mtu mwingine asiyejuana na wa kwanza. Ukibaki na wasiwasi tafuta jina lingine, wahadhiri wazuri wapo wengi.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Ushahidi mzuri ni kitu ambacho mtu asiyemjua mwalimu wako akikisoma ataelewa. Mifano:

- Kozi autilaini aliyoibadilisha, ya zamani na mpya zikiwa pamoja.
- Ukurasa mmoja wa rasimu yako wenye masahihisho yake. Mmoja tu, usiscani ripoti nzima.
- Chapisho au bango la mkutano ambalo jina la mwanafunzi wake lipo.
- Maelezo mafupi ya wanafunzi wa miaka tofauti. Mmoja aliyeko kazini ana nguvu kuliko watano wa darasa lako.
- Muhtasari wa tathmini za mwisho wa semista. Hizi zinakaa idarani au kwenye kitengo cha ubora, CR (mwakilishi wa darasa) anaweza kuziomba kwa barua, wakikataa usigombane nao, endelea na vingine.

Hapa kuna onyo. Usiweke matokeo ya mtu, namba yake ya usajili, wala meseji zake bila ruhusa yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hata bila sheria sio vizuri habari ya mtu kwamba alitaka kuacha chuo kwa sababu ya mimba au ada ikazunguka kwenye meza ya kamati. Muombe ruhusa kwa maandishi, WhatsApp inatosha, au andika bila jina na bila kitu cha kumtambulisha. Kama yuko peke yake aliyepitia hilo darasa zima, kutoandika jina hakumfichi.

Na usitunge takwimu. "Ufaulu umepanda kwa asilimia 40" umeitoa wapi? Mjumbe mmoja akiuliza tu barua nzima inakufa.

Hatua ya 5: Andika

Barua nyingi zinatakiwa kwa Kiingereza. Ushauri wangu, andika kwanza kwa Kiswahili kama unamsimulia mtu, halafu ndio uhamishe. Ukianza moja kwa moja na Kiingereza utajikuta umejaza yale maneno makubwa ya kwenye vyeti na hujasema kitu.

Mpangilio unaofanya kazi:

1. Wewe ni nani na umemjuaje (kozi gani, mwaka gani, au alikuwa supavaiza wako). Sentensi mbili.
2. Tatizo lililokuwepo. Watu wanasahau hii, bila tatizo kazi yake haionekani.
3. Alichofanya, hatua kwa hatua. Hii ndio aya ndefu.
4. Kilichobadilika kwa wanafunzi.
5. Ulezi nje ya darasa, mfano mmoja au miwili.
6. Kama amewasaidia wahadhiri wenzake, mfano wengine wameanza kutumia njia yake, weka.

Ona tofauti. Hii ni ya kwanza:

"Ni mwalimu mahiri, mnyenyekevu na mwenye kujituma ambaye anapenda wanafunzi wote bila ubaguzi na amekuwa mfano wa kuigwa."

Hiyo unaweza kuisoma kwenye msiba wa mtu yeyote. Hii ni ya pili (nimeitunga kama mfano, usiikopi):

"Kwenye takwimu ya mwaka wa pili wengi tulikuwa tunakariri fomula tu. Aliacha mifano ya kitabuni akatutuma sokoni, kila kikundi kiandike bei ya nyanya kila siku kwa wiki tatu, halafu tukatumia namba zetu wenyewe kujifunza wastani na mtawanyiko. Kikundi chetu kilipokosea alikaa na sisi ofisini mpaka tukaona wenyewe kosa liko wapi, hakutuonesha. Wawili kati yetu tulitumia njia ile ile kwenye utafiti wa mwaka wa tatu."

Umeona? Hakuna neno "mahiri" hata moja, ila ukimaliza kusoma unajua ni mahiri.

Hatua ya 6: Wape wenzako nafasi, sio maneno

Ukitaka barua za kuunga mkono wape vigezo na tarehe tu, kila mtu aandike lake. Barua tatu zenye sentensi moja inayofanana zinaonekana ni za mtu mmoja hata kama saini ni tofauti. Changanya watu: anayefundishwa naye mwaka huu, aliyemaliza, na mtu ambaye hakufanya vizuri kwenye kozi yake lakini bado anamheshimu. Huyo wa mwisho ni dhahabu.

Hatua ya 7: Amua kama utamwambia

Tuzo zingine zinahitaji CV yake na saini yake, hapo huna ujanja, mwambie. Nenda ofisini saa za wanafunzi, "Shikamoo Dokta, sisi wanafunzi tungependa kukupendekeza kwa tuzo fulani, tunaomba ridhaa yako na CV", basi. Wengine watakataa kwa aibu, rudi mara moja tu, akikataa tena muache.

Kama haihitajiki usimwambie mpaka iishe. Na kama bado anasahihisha UE yako au hajasaini ripoti yako, subiri, au mwachie mtu aliyemaliza kwake aandike yeye. Matokeo yakishapita Seneti uko huru. Sio kwamba ni lazima kuna ubaya, ila mtu akitaka kuiharibu barua yako hapo ndipo atakapoanzia, na hata wewe ukipata A watasema uliinunua.

Hatua ya 8: Tuma

PDF moja, jina la faili lieleweke, sio "final final2". Ikiwa ni karatasi ipeleke masjala na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuchangishana zawadi ya kumpa mhadhiri kipindi hicho hicho cha tuzo. Acheni, ni mtumishi wa umma huyo (na hata akiwa chuo binafsi), mnamchafua bila kujua.

Kampeni ya kura. Kama tuzo inaamuliwa kwa kura za mtandaoni sawa, pigeni, lakini kwenye tuzo ya kamati kuleta saini mia nne haisaidii kama hakuna kilichoandikwa juu yake.

Kumponda mhadhiri mwingine ili wako aonekane. Mjumbe wa kamati anaweza kuwa ndiye huyo uliyemponda, au mke wake.

Kuandika shida zako kurasa mbili, yeye aya moja. Ni barua yake hiyo.

Ukikwama

*Chuo chetu hakina tuzo kama hiyo.* Andika barua ya pongezi kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Kupanda cheo kwa wahadhiri kunategemea sana machapisho, lakini ufundishaji nao unaangaliwa, na barua iliyoko kwenye faili ina kazi kuliko status ya WhatsApp. Au peleka wazo kwa waziri wa elimu wa serikali yenu ya wanafunzi, kuanzisha tuzo ndogo hakuhitaji bajeti, kunahitaji vigezo vilivyoandikwa na kamati isiyo ya marafiki.

*GPA yangu ni ndogo, watanichukulia siriasi?* Ndio. Kamati inasoma barua, haisomi transkripti yako. Nimeshasema hapo juu, mtu aliyehangaika na somo anaaminika zaidi.

*Nasoma nje.* Uingereza vyama vya wanafunzi vingi vina tuzo zao za wahadhiri, fomu ni fupi na unajaza mwenyewe mtandaoni. Tuzo za kitaifa kama National Teaching Fellowship ya Uingereza, iliyoanza 2000, au 3M National Teaching Fellowship ya Canada ya 1986, haziombwi na mwanafunzi mmoja, chuo ndicho kinachopeleka jina, ila ushuhuda wako unaweza kuingia kwenye faili. Marekani kuna tuzo ya rais kwa ajili ya walezi wa wanafunzi wa sayansi, hisabati na uhandisi, PAESMEM, na kwenye hiyo ulezi wenyewe ndio unaopimwa. Ukitaka kujua faili zuri linafananaje soma vigezo vyao hata kama hutaomba.

*Nimempendekeza mwaka jana hakupata.* Mpendekeze tena, ila usitume barua ile ile, ongeza kilichotokea mwaka huu. Muulize katibu wa kamati kwa adabu nini kilipungua, wengine wanajibu, wengine hawajibu. Ile barua ya zamani usiitupe, ichapishe nakala mbili, moja mpelekee mwenyewe baada ya matokeo yako kutoka, nyingine iende idarani iwekwe kwenye faili lake.